Neno la Mungu katika Nyumba Zetu: Tangu Katekisimu ya Wazee hadi Biblia Mkononi Mwetu



Katika furaha ya yubile hii nimeombwa niandike machache juu ya historia ya Neno la Mungu katika nchi yetu ya kando ya ziwa Tanganika. Majina ya mapadri waliotutangulia, tarehe za majengo na hesabu za wabatizwa mtazisoma katika kurasa nyingine za kitabu hiki. Mimi mkatekista nimepewa kujibu swali moja tu: Tangu Injili ilipofika pwani hii, Wakristu wamelipokea Neno la Mungu kwa njia gani, na leo tunalitunza namna gani? Nimekubali kazi hii kwa woga, kwa sababu anayewahimiza wenzake kusoma Biblia huhukumiwa kwanza na Biblia iliyo nyumbani mwake. Mtaona mbele kwamba hukumu hiyo imenifikia.

1. Imani iliingia kwa masikio

Mapadri Weupe, waliotumwa na Askofu Mkuu Lavigerie wa Alger, walifika Ujiji mwezi wa Januari 1879. Mwaka wa 1880 walivuka ziwa, wakaanza misioni ya Mulweba upande wetu wa magharibi. Mwaka wa 1883 walianza Kibanga. Mwaka wa 1885 walikabidhiwa boma la Mpala, ambalo Mbeleji Emile Storms alikuwa amelijenga miaka miwili mbele. Kapteni Joubert alifika Mpala mwaka wa 1887 ili kuwakinga watu na wale waliowawinda kama wanyama na kuwauza. Na mwaka wa 1893 Padri Victor Roelens, aliyekuwa baadaye Askofu wa Kongo ya Juu, alianza misioni ya Kirungu, iliyoitwa siku zile Baudouinville.

Wakristu wa kwanza wa misioni hizi wengi wao walikuwa watoto na watu waliokombolewa katika utumwa. Walikuwa wametoka katika makabila mengi, nao hawakuwa na lugha moja ya mama. Wakafundishwa kwa Kiswahili, lugha iliyoletwa ziwani na misafara ya wafanya biashara wa pwani, misafara ile ile iliyowafunga minyororo. Tusisahau jambo hili. Wangwana maana yake ni watu huru, wasio watumwa, na Kingwana ni lugha yao. Mungu alitwaa lugha ya msafara wa utumwa, akaifanya lugha ya kuwatangazia watu uhuru wa wana wake.

Lakini Neno lile halikuingia kwa kitabu. Liliingia kwa masikio. Lavigerie alikuwa ameagiza kwamba mtu asibatizwe mbio: akae miaka miwili akijifunza mambo ya kwanza ya imani, kisha miaka miwili mingine katika ukatekumeni. Katika miaka hiyo minne alijifunza kwa moyo sala, amri na katekisimu, swali kwa swali na jibu kwa jibu. Alisimuliwa pia historia takatifu: kuumbwa kwa ulimwengu, Nuhu, Abrahamu, Musa, manabii, kuzaliwa kwa Bwana, mateso yake na ufufuko wake. Aliyesimulia mara nyingi hakuwa padri. Alikuwa mkatekista wa kijiji, mtu mwenye mke na watoto na shamba, aliyefundisha asubuhi kabla ya kwenda kulima na jioni baada ya kurudi.

Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alijua katekisimu yote pasipo kukosa neno, tena aliweza kukatizwa katikati na kuendelea pale alipoachia. Biblia hakuwa nayo. Sisi wajukuu tulipomwuliza alijifunzaje mambo mengi namna hii bila kitabu, alijibu: «Sisi tulikula kwa masikio.» Nami nasema wazi: chakula kile kiliwalisha kweli. Watu wale walilea watoto wao katika imani, walizika wafu wao katika matumaini, na kutoka kwao alitoka Padri Stefano Kaoze, mwana wa nchi hii, aliyepewa upadri tarehe 21 Julai 1917, padri wa kwanza katika Kongo ya Wabeleji. Asiwepo kijana wa leo, mwenye Biblia katika simu yake, wa kuwadharau wazee ambao hawakuwa nayo.

2. Kwa nini kitabu kilikaa mbali

Hata hivyo inafaa tuulize kwa nini kitabu kilikaa mbali na nyumba za Wakristu muda mrefu. Sababu zilikuwa nyingi, na si zote zilizo za kulaumiwa.

Sababu ya kwanza ni kusoma kwenyewe. Katika miaka ya kwanza watu wachache sana walijua herufi, na kitabu kwa asiyejua kusoma ni mzigo tu.

Sababu ya pili ni lugha. Huko Unguja, Askofu Edward Steere wa Kanisa la Waanglikana, pamoja na wasaidizi wake, alikuwa amefanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko, na mwaka wa 1891 Biblia nzima ilikuwa imekwisha kupigwa chapa kwa Kiswahili. Lakini kile kilikuwa Kiswahili cha Unguja, chenye maneno mengi ambayo mtu wa Mpala au wa Kirungu hakuyasikia tangu azaliwe. Tena ilikuwa kazi ya Waprotestanti, na siku zile Wakatoliki na Waprotestanti walitazamana kama wapinzani.

Sababu ya tatu ni sheria ya Eklezya yenyewe. Tangu mafarakano ya karne ya 16, wachungaji wa Eklezya waliogopa kwamba kila mtu akijifasiria Maandiko peke yake, kutakuwa na dini nyingi kama watu walivyo wengi. Sheria ya mwaka wa 1917 ilitaka tafsiri za Biblia katika lugha za watu zikubaliwe na Kiti Kitakatifu, au zitolewe chini ya ulinzi wa maaskofu pamoja na maelezo. Sheria hiyo haikusema kwamba Biblia ni kitu kibaya. Ilikusudia kuilinda. Lakini vijijini mwetu watu walielewa namna nyingine. Walisema: «Biblia ni ya Waprotestanti; sisi tuna katekisimu na rozari.» Maneno hayo nimeyasikia mwenyewe utotoni mwangu, miaka mingi baada ya mambo kubadilika.

Na katika Misa masomo yalisomwa kwa Kilatini. Padri aliweza kuirudia Injili kwa Kiswahili kabla ya kuhubiri, lakini masomo yenyewe yalikuwa machache, na mwaka kwa mwaka yalirudi yale yale. Mkristu mwaminifu aliyekuja Misa kila Dominika maisha yake yote aliweza kufa bila kusikia habari za nabii Hosea au za kitabu cha Ruti.

Lakini tusidhani kwamba Eklezya ililala. Mwaka ule ule wa 1893, Padri Roelens alipokuwa akianza Kirungu, Baba Mtakatifu Leo wa 13 aliandika barua kubwa juu ya kujifunza Maandiko Matakatifu, akaitoa tarehe 18 Novemba. Mwaka wa 1943 Baba Mtakatifu Pio wa 12 aliandika nyingine, akiwatia moyo wataalamu warudie lugha za asili za Biblia, na akiwasifu wanaoeneza Maandiko kati ya waamini. Mbegu ilikuwa imekwisha kupandwa. Ilingojea mvua.

3. Mtaguso unafungua mlango

Mvua ilinyesha katika Mtaguso wa pili wa Vatikano. Tarehe 18 Novemba 1965, siku ile ile ya barua ya Papa Leo, baada ya miaka 72 kamili, Papa Paulo wa 6 alitangaza hati juu ya Ufunuo wa Mungu iitwayo Dei Verbum. Maaskofu 2,344 waliikubali, sita tu walikataa. Katika sura yake ya mwisho hati hiyo inaagiza kwamba mlango wa Maandiko ufunguliwe wazi kwa waamini wote. Kwamba tafsiri nzuri zifanywe katika lugha mbalimbali, hata kwa kushirikiana na ndugu zetu waliotengana nasi. Na kwamba kusoma kufuatane na sala, ili pawe na mazungumzo kati ya Mungu na mtu.

Mtaguso ulikumbusha pia fundisho la Mtakatifu Yeronimo, aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini tangu miaka ya 380 na kufa Betlehemu mwaka wa 420. Yeye alionya kwamba mtu asiyeyajua Maandiko amekosa kumjua Kristu mwenyewe. Ndugu msomaji, ona uzito wa jambo hili. Hakusema kwamba mtu huyo amekosa elimu. Alisema amekosa kumjua Kristu. Na wakatekista wametajwa kwa jina katika hati hiyo kati ya wale wanaopaswa kushikamana na Maandiko kwa kuyasoma bila kuchoka.

Matunda yalionekana upesi. Mwaka wa 1969 kilitolewa kitabu kipya cha masomo ya Misa. Masomo ya Dominika yakawa matatu pamoja na Zaburi, nayo yanazunguka katika miaka mitatu: mwaka wa Matayo, mwaka wa Marko, mwaka wa Luka, na Yoane anasomwa katika nyakati zake. Kwa Kiswahili chetu tulianza kusikia sauti za manabii ambao wazee wetu walisikia majina yao tu.

Hapa nchini maaskofu wetu walikuwa wameanza kutengeneza njia. Mwaka wa 1961 walichagua kwamba Eklezya ya Kongo ijengwe juu ya jumuiya ndogo zilizo hai, zile ambazo katika majimbo mengine huitwa shirika. Humo majirani hukusanyika, husoma Injili, huulizana inawaambia nini, kisha husaidiana. Na mwaka wa 1988 Roma ilikubali Misale ya majimbo ya nchi yetu, iliyoitwa wakati ule Zaire. Katika Misale hiyo toba inakuja baada ya kulisikia Neno. Maana yake ni wazi: hatuwezi kujua dhambi zetu vizuri ikiwa Mungu hajasema nasi kwanza.

4. Neno katika siku za majaribu

Mambo haya hayakuandikwa katika karatasi tu. Yalijaribiwa kwa moto.

Mwishoni mwa mwaka wa 1974 serikali ya Zaire ilizitwaa shule zote za Eklezya, na mafundisho ya dini yakaondolewa katika madarasa. Wazazi wengi walihuzunika. Walikuwa wamezoea kuiachia shule kazi ya kuwafundisha watoto imani, na sasa shule ilikuwa imefungiwa Mungu. Shule zilirudishwa chini ya uongozi wa Eklezya mwaka wa 1977. Lakini katika miaka ile Wakristu walijifunza jambo moja ambalo hatupaswi kulisahau: imani isiyo na mizizi nyumbani inaweza kung'olewa kwa amri ya siku moja. Baba yangu alisimulia kwamba wakati ule ndipo babu alipowaita wana wake jioni, akawaambia wenye kujua kusoma wamsomee. Mzee aliyekula kwa masikio alikuwa bado anakula kwa masikio. Lakini sasa waliomlisha walikuwa watoto wake.

Jaribu la pili nililiona kwa macho yangu. Vita vya mwaka wa 1998 vilipoanza nilikuwa mwaka wa tano wa seminari ndogo. Masomo yalikatika, nami sikuyamaliza. Jamaa yetu, kama jamaa nyingi za pwani hii, ilivuka ziwa usiku kwa mtumbwi, ikapokelewa Tanzania, katika kambi ya Nyarugusu karibu na Kasulu. Tuliacha nyumba, mbuzi na mazao shambani. Mama alikuwa amebeba chungu, blanketi mbili na Biblia moja, akiwa ameifunga katika kitenge pamoja na kalata zetu za ubatizo.

Biblia ile ilikuwa ya jamaa nyingi. Jioni, kabla ya giza, watu wa mstari wetu wa mahema walikaa chini, na mimi, kwa sababu nilikuwa mwanafunzi wa seminari, niliwasomea. Kitabu kilikuwa cha Kiswahili cha upande ule, nasi tulikwama mara kwa mara juu ya neno fulani. Ndipo mzee mmoja aliyekuwa amekaa miaka mingi Kigoma alilieleza kwa Kingwana, na mama mmoja Mbembe alilirudia kwa Kibembe kwa ajili ya mama mkwe wake. Baadaye, niliposoma sura ya 8 ya kitabu cha Nehemia, nilishangaa kuona picha yetu. Watu waliorudi kutoka uhamishoni wamesimama uwanjani, Ezra anawasomea Sheria tangu asubuhi hadi katikati ya mchana, Walawi wanaeleza maana, na watu wanalia kwa kuwa wanaelewa. Mambo matatu yako pale: anayesoma, anayeeleza, na watu wanaosikiliza pamoja. Sisi tulikuwa na yote matatu, wala hatukuwa na kitu kingine.

Hatukusoma ili tupate elimu. Tulisoma kwa sababu tulihitaji kujua kama Mungu ametuacha. Tulisoma habari za Waisraeli jangwani, habari za Bwana mwenyewe alipokimbizwa Misri angali mtoto mchanga, tukaelewa kwamba hatukuwa wakimbizi wa kwanza wala Mungu hakuwa mgeni wa kambi.

5. Hali yetu leo, na deni langu

Tulirudi. Amani haijakamilika, lakini tulirudi, tukajenga. Na hapa naanza kusema habari isiyo ya sifa.

Leo Biblia si haba kama zamani. Tafsiri za Kiswahili zipo, hata za kufaa watu wa Kongo. Vijana wanazo katika simu zao. Katika nyumba nyingi nimeiona Biblia. Lakini nimeiona wapi? Nimeiona ndani ya sanduku, chini ya nguo za sikukuu, imefungwa vizuri pamoja na hati ya shamba. Inatolewa siku ya matanga na siku ya ndoa. Zamani watu walikuwa na njaa ya kitabu, nacho hakikuwapo. Sasa kitabu kipo, na njaa imepotea.

Nami sikuwa bora kuliko wengine. Kwa miaka mingi, baada ya kuwa mkatekista, nilisoma masomo ya Dominika siku ya Jumamosi jioni ili nijue nitakalowaambia watu. Jumatatu hadi Ijumaa Biblia yangu ilipumzika. Niliyatumia Maandiko kama fundi anavyotumia nyundo: kazi ikiisha, chombo kinarudi mahali pake.

Basi siku moja alinijia mama mmoja mzee, mjane, asiyejua kusoma, aliyefundishwa katekisimu na babu yangu. Mwana wake alikuwa ameanza kwenda katika chumba kimoja cha maombi. Huko mtu ajiitaye nabii alimwambia kwamba taabu zake zote, kukosa kazi na kufa kwa mtoto wake, zimetoka kwa mama yake, kwamba mama ni mchawi. Tena alimsomea mstari katika kitabu cha Kutoka, ule unaosema juu ya kutomwacha hai mwanamke mchawi. Mwana akarudi nyumbani na mstari ule mdomoni. Mama akaniuliza:

«Mwalimu, wewe una kitabu. Ni kweli Mungu ameandika hivyo?»

Nilifungua Biblia, nikaukuta mstari. Ulikuwapo. Sikujua la kusema. Nilimwambia asali, nikamwahidi kwamba nitamwuliza padri. Padri alikuwa safarini katika vijiji vya mbali. Yule mama hakuweza kurudi kwake. Alilala kwa jirani majuma matatu, na watoto wa mtaa walimkimbia njiani.

Padri aliporudi, hakunipa hotuba. Aliniuliza tu: «Ulisoma mpaka wapi?» Nilijibu kwamba niliusoma mstari ule. Akaniambia: «Endelea.» Nikaendelea kusoma kwa sauti. Mistari michache tu mbele, katika sura ile ile ya 22, Mungu anakataza kumtesa mjane na yatima, tena anaahidi kwa ukali kwamba wakimlilia atakisikia kilio chao. Ulikuwa katika ukurasa ule ule. Kidole changu kingeweza kugusa mistari yote miwili kwa pamoja. Kisha padri alinifafanulia kwamba sheria zile zilipewa Israeli ya kale katika wakati wake, kwamba hakuna mahali Mungu ametoa ruhusa ya kumshitaki mtu kwa ndoto au kwa maneno ya nabii wa mtaa, na kwamba Mkristu anayasoma yote katika mwanga wa Yezu, aliyemwokoa mwanamke katika mikono ya wenye mawe na kuagiza kuwapenda hata adui.

Tulikwenda pamoja nyumbani kwa yule kijana. Padri alimpa Biblia asome mwenyewe, tangu mwanzo wa sura hadi mwisho. Alisoma polepole. Alipofika kwenye mjane alinyamaza. Siwezi kusema kwamba aliiacha nyumba ya maombi siku ile, hakuiacha. Lakini jioni alikwenda kwa jirani, akachukua mkeka wa mama yake, akaurudisha nyumbani.

Mambo haya yamenifundisha kuliko masomo yote ya seminari. Yule nabii hakumdanganya kijana kwa maneno yaliyo nje ya Biblia. Alimdanganya kwa mstari mmoja uliokatwa kutoka ndugu zake. Na mimi sikuweza kumkinga mama mzee, kwa sababu nami nilikuwa msomaji wa mistari. Ningekuwa nimezoea kusoma sura kwa sura, siku kwa siku, ningemjibu palepale, wala asingelala majuma matatu kwa jirani. Hilo ndilo deni langu, na ndiyo sababu hasa nimekubali kuandika kurasa hizi.

6. Tufanye nini baada ya yubile?

Wengine watasema: «Biblia ni ngumu.» Ni kweli. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, tunamwona Mwafrika, mkubwa wa hazina ya malkia wa Etiopia, akisoma nabii Isaya ndani ya gari lake bila kuelewa. Lakini tazameni: hakukifunga kitabu kwa sababu ni kigumu. Aliendelea kusoma, akamkaribisha Filipo apande na kumweleza, na safari ikaishia katika maji ya ubatizo. Asingekuwa anasoma, Filipo angemweleza nini?

Basi natoa mashauri manne, yaliyotoka katika historia yenyewe niliyoisimulia.

La kwanza: tusome kila siku, kidogo lakini bila kuacha. Injili nne zina sura 89. Jamaa inayosoma sura moja kila jioni itazimaliza kwa miezi mitatu. Agano Jipya lote lina sura 260. Halifikishi miezi tisa. Anayeogopa aanze na Marko, sura 16 tu, majuma mawili na siku mbili.

La pili: tusome sura nzima, tusiokote mistari. Mtu akija kwako na mstari mmoja ili akutenge na mama yako, na jirani yako au na Eklezya yako, mwambie kama padri alivyoniambia: «Endelea.»

La tatu: tusome pamoja, na pamoja na Eklezya. Katika jumuiya zetu masomo ya Dominika yasomwe katikati ya juma, ili Dominika yatukute tumejitayarisha. Penye neno gumu tumwulize padri au mkatekista. Na mkatekista asiyejua aseme wazi kwamba hajui, kisha akatafute. Baba Mtakatifu Fransisko, kwa barua ya tarehe 30 Septemba 2019, sikukuu ya Mtakatifu Yeronimo, aliweka Dominika ya tatu ya mwaka kuwa Dominika ya Neno la Mungu. Siku hiyo isiwe ya maandamano tu. Iwe siku ya kila jamaa kujiuliza Biblia yao iko wapi.

La nne: tusiwasahau wanaokula kwa masikio. Wazee wengi na mama wengi hawakupata shule. Neno la Mungu lilikuwa mali yao kabla ya sisi kuzaliwa. Mtoto anayejua kusoma na asiyemsomea bibi yake amejifunza herufi bure.

Ndugu wapendwa, wamisionari walivuka bahari na wakatekista walivuka mito ili Neno litufikie. Wengine walikufa kwa homa, wengine kwa mkuki, wengine walizeeka kando ya njia. Baba zetu walilitunza wakati shule zilipofungiwa dini. Mama zetu walivuka nalo ziwa katika kitenge. Kutoka sandukuni hadi mezani ni hatua tano. Ni vigumu kuamini kwamba tutashindwa na safari hiyo.

Yule mama mzee bado yu hai, naye atakaa mbele katika Misa ya yubile. Tangu mwaka jana mjukuu wake humsomea jioni. Wameanza na Luka, na nimesikia kwamba mwana wake huketi mlangoni akisikiliza, akijifanya anatengeneza wavu.

Mwenyezi Mungu, aliyesema na baba zetu kwa njia ya manabii na kwetu kwa njia ya Mwana wake, atujalie masikio ya wazee wetu na macho ya watoto wetu, ili Neno lake likae kwetu kwa wingi. Bikira Maria, aliyeyaweka maneno yote moyoni mwake, atuombee. Amina.